Nyaraka binafsi na maisha ya kisiasa ya wanaharakati wa Kikomunisti wa Uingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wanafunzi, watafiti na wasomaji wengine wa Kiswahili wanaotaka kuzifahamu nyaraka walizoziacha wanachama wa Chama cha Kikomunisti cha Uingereza, kilichoundwa London tarehe 31 Julai na 1 Agosti 1920 na kuvunjwa na wanachama wake wenyewe Novemba 1991. Habari za wanaharakati hawa ziliandikwa na mikono mitatu: mkono wa mhusika mwenyewe, mkono wa chama chake, na mkono wa dola iliyokuwa ikimfuatilia. Majibu yafuatayo yamejengwa juu ya hoja kwamba mikono hiyo mitatu haina budi kusomwa kwa pamoja, kwa sababu kila mmoja ulikuwa na jambo la kuficha.

Nyaraka binafsi za mwanaharakati ni zipi hasa?

Ni karatasi ambazo mtu aliziandika, alizipokea au alizikusanya maishani mwake, zikabaki mikononi mwake au mwa jamaa zake: barua, shajara, madaftari, rasimu za hotuba, picha, kadi za uanachama, vipande vilivyokatwa magazetini, na vijitabu vyenye maandishi ya kalamu pembezoni. Zinatofautiana na kumbukumbu rasmi za chama, kama vile mihtasari ya Kamati Kuu na hesabu za fedha, ingawa mpaka huo haukuwa wazi sikuzote, kwa kuwa viongozi wengi walifanyia kazi za chama nyumbani, na barua ya mke ikalazwa katika jalada moja na azimio la tawi.

Aidha, Mkomunisti hakuwa Mkomunisti tu. Ivor Montagu, mtoto wa familia ya kitajiri ya London, alikuwa mtengenezaji filamu, mwandishi, na mwanzilishi wa shirikisho la kimataifa la mpira wa meza mwaka 1926. Nyaraka zake za kisiasa zimo katika hifadhi moja, za filamu zimo katika nyingine. J.D. Bernal, mwanasayansi aliyechunguza muundo wa fuwele, nyaraka zake zipo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Cambridge. J.B.S. Haldane, mtaalamu wa jenetiki aliyewaandikia wasomaji wa gazeti la chama, Daily Worker, makala za sayansi kwa lugha nyepesi, karatasi zake zimegawanyika kati ya London na Edinburgh. Anayewatafuta watu hawa katika sanduku lililoandikwa “siasa” peke yake atarudi na nusu ya mtu.

Chama chenyewe kilikuwa kidogo. Kwa nini kuhangaika nacho?

Ni kweli kilikuwa kidogo. Hata kilipofikia kilele chake mwaka 1942, wakati Uingereza na Umoja wa Kisovieti walikuwa upande mmoja vitani, wanachama walikuwa kama 56,000, na mwaka 1991 hawakufika hata 5,000. Bungeni kilipata viti vichache mno: Shapurji Saklatvala aliwakilisha Battersea Kaskazini, William Gallacher akakalia kiti cha West Fife kuanzia 1935 hadi 1950, na Phil Piratin akashinda Mile End, mashariki ya London, mwaka 1945.

Lakini nguvu ya chama haikupimwa kwa kura. Ilikuwa migodini, viwandani, katika vyama vya wafanyakazi, katika harakati za wasio na ajira na katika vyuo vikuu. Arthur Horner, mchimba makaa kutoka Wales Kusini, alichaguliwa mwaka 1936 kuwa rais wa shirikisho la wachimba migodi wa eneo lake, na kuanzia 1946 hadi 1959 alikuwa katibu mkuu wa chama cha kitaifa cha wachimba migodi, huku akiwa Mkomunisti anayejulikana wazi. Watu wa namna hiyo hawaonekani katika matokeo ya uchaguzi. Wanaonekana katika nyaraka.

Nyaraka hizi zimehifadhiwa wapi?

Hakuna jengo moja lenye kila kitu. Mahali pa kuanzia ni Manchester, katika Labour History Archive and Study Centre, iliyo ndani ya jumba la makumbusho liitwalo People's History Museum. Huko ndiko ilikopelekwa hifadhi ya chama kizima baada ya kuvunjwa, na ndani yake mna fungu maalumu la nyaraka za watu binafsi, wakiwamo Harry Pollitt, aliyekuwa katibu mkuu kwa miaka mingi, na Rajani Palme Dutt, mwananadharia mkuu wa chama.

Jirani yake, mjini Salford, ipo Working Class Movement Library, ambayo historia yake inastahili kusimuliwa. Eddie Frow alikuwa fundi mitambo, mkewe Ruth alikuwa mwalimu, na wote wawili walikuwa Wakomunisti. Tangu miaka ya 1950 walianza kukusanya vitabu, vijitabu, mabango na barua za harakati za wafanyakazi, wakizunguka nchini wakati wa likizo kuyapekua maduka ya vitabu vikuukuu, hadi nyumba yao ya Old Trafford ikajaa karatasi kila chumba. Mwaka 1987 mkusanyo huo ulihamishiwa katika jengo lililotolewa na halmashauri ya Salford, na hadi leo unasomwa bila malipo. Naona hili ni miongoni mwa mambo makubwa waliyoyafanya wanaharakati hao: hawakungoja vyuo vikuu vitambue thamani ya karatasi zao.

London kuna Marx Memorial Library, iliyoanzishwa 1933 katika jengo la Clerkenwell Green ambamo Lenin alihariri gazeti la Iskra mwaka 1902 na 1903. Ndiyo yenye hifadhi kubwa ya wapiganaji wa kujitolea waliokwenda Hispania wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kituo cha historia cha Hull kina nyaraka za Robin Page Arnot, mmoja wa waasisi wa chama, na za mwanahistoria John Saville. Chuo Kikuu cha Warwick kina nyaraka za mwanahistoria Eric Hobsbawm. Maktaba ya kumbukumbu ya Gallacher imo katika Chuo Kikuu cha Glasgow Caledonian, mkusanyo wa wachimba makaa wa Wales Kusini uko Swansea, na nyaraka zinazomhusu Saklatvala zimo katika British Library, pamoja na kumbukumbu za utawala wa India. Ng'ambo, faili za Jumuiya ya Kimataifa ya Kikomunisti (Komintern), umoja wa vyama vya Kikomunisti ulioongozwa kutoka Moscow, zimo mjini humo, katika hifadhi ya taifa ya historia ya kijamii na kisiasa, nazo ni za lazima kwa anayechunguza miaka ya 1920 na 1930.

Kwa nini wanaharakati wengine hawakuacha karatasi yoyote?

Kwa sababu karatasi ilikuwa hatari. Oktoba 1925 polisi walivamia makao makuu ya chama, mtaa wa King Street, London, wakachukua shehena ya nyaraka na kuwakamata viongozi. Viongozi 12 walishtakiwa kwa kutumia sheria ya mwaka 1797 dhidi ya kuwachochea askari kuasi. Watano waliokuwa na hukumu za nyuma, Pollitt na Gallacher wakiwamo, walifungwa miezi 12. Saba waliobaki walipewa nafasi ya kuachiwa iwapo wangeukana uanachama, wakakataa, wakafungwa miezi 6. Kisha serikali ikafanya jambo ambalo mtafiti wa leo hana budi kulizingatia: ilichagua baadhi ya barua na taarifa zilizotekwa, ikazichapisha kama waraka wa Bunge mwaka 1926. Kwa hiyo sehemu ya mawasiliano ya ndani ya chama ilisomwa na umma kwanza kwa mpangilio uliochaguliwa na wapinzani wake.

Jambo kama hilo lilitokea tena Novemba 1932, wakati wa maandamano makubwa ya wasio na ajira. Polisi walikwenda katika ofisi za harakati ya kitaifa ya wafanyakazi wasio na ajira, iliyoongozwa na Wal Hannington, kumkamata mmoja wa viongozi, na wakaondoka na karatasi nyingi zaidi ya walizohitaji. Wenye karatasi walikwenda mahakamani. Hukumu ya 1934 ilisema polisi waliweza kubaki na zile zilizofaa kuwa ushahidi wa kosa lolote, hata la mtu mwingine, lakini walikosea kuzishikilia zilizobaki, na walalamikaji wakapewa fidia. Mwanachama wa kawaida hakuhitaji wakili kumfafanulia maana ya hukumu hiyo. Aliyepokea barua aliisoma, akaikumbuka na kuichoma, na ukimya wa masanduku mengi unaanzia hapo.

“Tawasifu za chama” ni nini?

Ni maelezo ya maisha ambayo mwanachama aliyaandika kwa agizo la chama, hasa alipopewa wadhifa au alipotumwa kusoma katika Chuo cha Kimataifa cha Lenin mjini Moscow, kilichofundisha Wakomunisti wa nchi mbalimbali kuanzia 1926 hadi 1938. Mwandishi alitakiwa kueleza kazi ya wazazi wake, elimu yake, kazi alizofanya, migomo aliyoshiriki, vyama alivyopitia, vitabu vilivyomfikisha katika Umarx, na kama alipata kuwa na uhusiano na kundi lolote la upinzani ndani ya chama.

Ni chanzo cha ajabu, kwani mfumaji wa pamba au mchimba makaa ambaye asingekaa chini kuandika maisha yake kwa hiari aliyaandika hapa, kwa mkono wake, kurasa kadhaa. Hata hivyo aliyaandika akijua nani atayasoma. Ndiyo maana wazazi huwa maskini zaidi kuliko walivyokuwa, dini hupita kwa sentensi moja, na uongofu wa kisiasa hufika mapema. Inafaa kuisoma tawasifu hiyo sambamba na vyeti vya kuzaliwa, sensa na magazeti ya mtaani, bila kumdharau aliyeiandika, maana alikuwa akijibu maswali ya watu wenye mamlaka juu ya maisha yake.

Tawasifu zilizochapishwa nazo zina mipaka yake. Pollitt alichapisha yake mwaka 1940, akiwa ameondolewa katika uongozi, na masimulizi yanakoma karibu na mwaka 1929, wakati alipokuwa katibu mkuu. Miaka ambayo msomaji angependa kuijua zaidi haimo.

Je, faili za MI5 zinaaminika?

Zinaaminika kwa mambo fulani na kupotosha kwa mengine. MI5, idara ya usalama wa ndani ya Uingereza, ilifungua barua za Wakomunisti, ikasikiliza simu zao, ikapandikiza watu wake kati yao, na kuanzia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ikatega vinasa sauti katika makao makuu ya King Street. Mwaka 1955 maofisa wake waliingia kwa siri katika fleti moja ya mtaa wa Mayfair, wakapiga picha makumi ya maelfu ya kumbukumbu za wanachama, na kuzirudisha kabla mwenye nyumba hajagundua. Katikati ya miaka ya 1930 watambuzi wa ishara za siri walikuwa pia wakisoma ujumbe wa redio kati ya Moscow na London.

Matokeo yake ni kwamba barua ambayo mpokeaji aliichoma miaka 90 iliyopita huenda nakala yake ipo Kew, katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, ikiwa imenakiliwa kwa taipu na ofisa wa serikali. Kwa tarehe, anwani, safari na majina ya waliohudhuria mkutano, faili hizo mara nyingi ni sahihi kuliko kumbukumbu ya mhusika. Lakini mtoa habari aliyelipwa alikuwa na sababu ya kutia chumvi, na ofisa aliyesikiliza mazungumzo ya watu wanaotaniana aliweza kuandika mzaha kama njama. Zaidi ya hayo, karatasi kadhaa huondolewa au hufutwa maneno kabla faili haijafunguliwa, na kwa kawaida husubiriwa kama nusu karne kabla ya kufunguliwa. Hobsbawm aliomba kuiona faili yake alipokuwa hai, akanyimwa. Alifariki Oktoba 2012, na faili ikatolewa kwa umma mwaka 2014. Nasema wazi kwamba hiyo ilikuwa dhuluma: mwanahistoria aliyekuwa na uwezo wa kusahihisha makosa yaliyomo alizuiwa hadi asiweze tena.

Je, kulikuwa na nyaraka za kughushi?

Ndiyo, na iliyo maarufu kuliko zote ni ile iitwayo barua ya Zinoviev. Gazeti la Daily Mail liliichapisha tarehe 25 Oktoba 1924, siku nne kabla ya uchaguzi mkuu, ikidaiwa kwamba imetoka kwa mwenyekiti wa Jumuiya ya Kimataifa ya Kikomunisti kwenda kwa chama cha Uingereza, ikihimiza uasi jeshini. Chama cha Labour, kilichokuwa madarakani, kilishindwa uchaguzi huo. Uchunguzi uliofanywa na mwanahistoria wa Wizara ya Mambo ya Nje na kutolewa mwaka 1999 ulihitimisha kwamba kwa uwezekano mkubwa barua hiyo ilighushiwa na Warusi waliokuwa wakiipinga serikali ya Kisovieti. Kwa hiyo kuwapo kwa karatasi ndani ya jalada la serikali si uthibitisho kwamba aliyetajwa kuiandika ndiye aliyeiandika.

Nyaraka zimebadilisha vipi tunavyowafahamu viongozi?

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mwaka 1939. Vita vilipotangazwa tarehe 3 Septemba, chama kiliunga mkono kupigana na Wanazi huku kikitaka serikali ya waziri mkuu Chamberlain iondoke, na Pollitt akaandika kijitabu cha kuutetea msimamo huo. Majuma machache baadaye Dave Springhall, mmoja wa viongozi wa chama, alirejea kutoka Moscow na msimamo mpya: hivi vilikuwa vita vya mabeberu, na Wakomunisti walipaswa kuvipinga. Kamati Kuu ikakutana tarehe 2 na 3 Oktoba.

Kwa miaka 50 wasomaji walijua uamuzi tu. Kumbukumbu za hatimkato, neno kwa neno, zilikuwa Moscow, na zilipopatikana na kuchapishwa mwaka 1990 zilionyesha jinsi watu hao walivyosemezana. Dutt alidai utii kamili kwa msimamo mpya. Pollitt, mwana wa mfumaji kutoka Droylsden na fundi wa boila kwa kazi yake, alimjibu kwamba hatatishwa kwa lugha ile, kwa kuwa yeye alikuwa katika harakati karibu kabla Dutt hajazaliwa. Kwa miaka alimzidi Dutt kwa sita tu, lakini hakuwa akizungumzia umri. Alikuwa mfanyakazi akimjibu msomi wa Oxford. Kura zilikuwa 21 kwa 3. Waliopinga walikuwa Pollitt, Gallacher na J.R. Campbell. Pollitt aliondolewa katika ukatibu mkuu, Novemba akatoa tamko la kukiri kosa, na Juni 1941, Ujerumani ilipouvamia Umoja wa Kisovieti, akarudishwa.

Anayesoma tamko la Novemba peke yake anamwona mtu aliyenyenyekea. Anayesoma hatimkato za Oktoba anamwona aliyesimama peupe mbele ya wenzake na kuwaambia wamekosea. Wote wawili ni Pollitt, na hakuna sababu ya kumchagua mmoja na kumtupa mwenzake.

Mwaka 1956 unatajwa sana. Uliacha nyaraka gani?

Februari mwaka huo Khrushchev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, alifichua maovu ya Stalin katika hotuba ya faragha, na Novemba vifaru vya Kisovieti vikaponda uasi wa Hungaria. Katikati ya matukio hayo, E.P. Thompson na John Saville, wote kutoka kikundi cha wanahistoria cha chama, walianzisha jarida lao la upinzani, The Reasoner, lililopigwa taipu na kurudufiwa, likatoka mara tatu tu kabla ya wao kujitoa chamani. Katika kipindi cha miaka miwili hivi chama kilipoteza wanachama zaidi ya 7,000.

Tofauti na miaka ya 1920, safari hii watu walihifadhi kila kitu. Waliojitoa walitaka ijulikane kwa nini, na waliobaki nao walikuwa na ya kujieleza. Nyaraka za Saville kule Hull ni miongoni mwa mahali pazuri pa kuisikia mijadala hiyo. Kinachogusa zaidi ni barua za wanachama wa matawi, watu walioandika kwa uchungu kwamba chama kiliwafundisha kusoma, kuhutubia na kuongoza, na sasa hawawezi kubaki humo.

Wanawake wako wapi katika hifadhi hizi?

Wapo, lakini mara nyingi wamefichwa ndani ya majalada ya wanaume. Salme Murrik, mzaliwa wa Estonia aliyefika Uingereza kwa kazi za kimapinduzi na kuolewa na Palme Dutt, alikuwa na ushawishi mkubwa katika fikra za mumewe, lakini jina la katalogi ni la mume. Helen Crawfurd wa Glasgow, aliyefungwa kwa kudai haki ya wanawake kupiga kura kabla hajawa Mkomunisti, aliandika tawasifu ndefu ambayo nakala yake ya taipu imehifadhiwa Marx Memorial Library. Felicia Browne, msanii na mwanachama wa chama, aliuawa Hispania Agosti 1936. Michoro yake ya penseli na barua zake zimo katika hifadhi ya Tate na zinaweza kutazamwa kwenye intaneti. Ukiitazama michoro hiyo utawaona wanamgambo na wakulima wa Hispania waliochorwa kwa mistari michache ya haraka, bila pambo lolote, na hakuna hotuba ya kipindi hicho inayomfikisha msomaji karibu kiasi hicho na vita vile.

Rose Cohen anahitaji kutajwa kwa jina. Alikuwa Mkomunisti wa London aliyependwa na wengi, Pollitt akiwa miongoni mwao. Aliolewa na ofisa wa Jumuiya ya Kimataifa, akahamia Moscow, na Novemba 1937 akapigwa risasi kwa tuhuma za uongo za ujasusi. Chama chake hakikumtetea hadharani. Anayechunguza nyaraka za viongozi wa miaka hiyo anapaswa kuutafuta ukimya huo na kuuandika kama ulivyo.

Claudia Jones, mzaliwa wa Trinidad aliyefukuzwa Marekani na kufika Uingereza mwaka 1955, alianzisha gazeti la West Indian Gazette mwaka 1958 na amezikwa Highgate karibu na Karl Marx. Mkusanyo wa kumbukumbu zake uko katika kituo cha Schomburg, New York.

Je, kuna uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Upo, na ni wa moja kwa moja. Jomo Kenyatta alipofika London mwaka 1929 kama mjumbe wa Chama Kikuu cha Wakikuyu, miongoni mwa waliompa jukwaa ni Wakomunisti na Ligi ya Kupinga Ubeberu, ambayo tawi lake la Uingereza liliongozwa na mwanadiplomasia wa zamani Reginald Bridgeman. Kenyatta aliandika katika magazeti ya Kikomunisti, akazuru Moscow mwaka huohuo, kisha akarudi huko kusoma mwaka 1932 na 1933. Baadaye aliachana na mkondo huo. Faili ambayo MI5 ilimfungulia ipo Kew, na nyaraka za Bridgeman ziko Hull. Mtafiti wa historia ya Kenya anayeishia Nairobi atakosa vyote viwili.

Kenyatta na wenzake watano waliposhtakiwa Kapenguria mwaka 1952, aliyeongoza utetezi alikuwa D.N. Pritt, wakili aliyefukuzwa Labour mwaka 1940 na ambaye, ingawa hakuwa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti, alikuwa karibu nacho sana. Hukumu ya miaka 7 na kazi ngumu ilitolewa tarehe 8 Aprili 1953. Nyaraka za Pritt zimo katika maktaba ya London School of Economics. Wakenya wanajua vizuri kwamba kumbukumbu za serikali ya kikoloni hazikuachwa kamili: mwaka 2011, wakati wa kesi ya wazee wa Mau Mau, Uingereza ililazimika kukiri kwamba ilikuwa imeficha maelfu ya majalada ya makoloni huko Hanslope Park. Panapokosekana karatasi za mtawala, karatasi za waliompinga hupata uzito zaidi.

Je, wanaharakati hawa walikuwa majasusi?

Wengi mno hawakuwa. Walikuwa watu wa mikutano ya Jumapili, michango ya senti na kuuza magazeti mbele ya milango ya viwanda. Wachache walikuwa: Percy Glading alifungwa miaka 6 mwaka 1938 kwa siri za kiwanda cha silaha cha Woolwich, baada ya Olga Gray, mwanamke aliyepandikizwa na MI5, kuaminiwa hadi akapewa kazi za siri, na Springhall, yuleyule aliyeleta msimamo wa 1939, alifungwa miaka 7 mwaka 1943, akafukuzwa chamani.

Suala la fedha ni tofauti. Kwa miaka mingi chama kilikana kupokea fedha za Kisovieti. Novemba 1991 Reuben Falber, ofisa wake wa zamani, alikiri kwamba kuanzia 1957 hadi 1979 zilitolewa fedha taslimu, ambazo yeye alizipokea na kuzificha darini mwa nyumba yake. Wanachama wa kawaida hawakuambiwa, na wengi waliumizwa na habari hizo kuliko walivyoumizwa na mashambulizi ya maadui.

Nianze vipi utafiti, na sheria zinaruhusu nini?

Anza nyumbani, katika katalogi ya mtandaoni ya Hifadhi ya Taifa, ambayo huorodhesha pia mikusanyo ya taasisi nyingine, kisha uwaandikie watunza nyaraka ukiwaeleza mtu na miaka unayoitafuta. Hifadhi nyingi ndogo hupokea wageni kwa miadi. Kew kadi ya msomaji hutolewa bure, na unaruhusiwa kupiga picha kwa kamera yako bila mwanga wa ziada.

Kuona si sawa na kuruhusiwa kuchapisha. Hakimiliki ya barua hubaki kwa warithi wa aliyeiandika, si kwa aliyeipokea, na kwa sheria ya Uingereza maandishi mengi ya zamani ambayo hayakuwahi kuchapishwa yanalindwa hadi mwisho wa mwaka 2039. Majalada yenye habari za watu walio hai, kama vile mashauri ya nidhamu au ugonjwa, huweza kufungwa kwa miaka mingi. Maombi ya kuyafungua hukubaliwa au kukataliwa kulingana na maelezo, kwa hiyo andika ombi lako kwa kina.

Familia yetu ina karatasi za ndugu aliyekuwa mwanachama. Tufanye nini?

Msizipange upya. Mpangilio aliouacha mwenyewe, hata ukionekana ni vurugu, unaonyesha alivyofanya kazi. Msitoe barua katika bahasha zake, kwa sababu mhuri wa posta huthibitisha tarehe na mahali. Msitumie gundi ya plastiki. Ziwekeni mahali pakavu pasipo na jua. Wazee wangali hai, waombeni wawataje waliomo kwenye picha, na andikeni majina hayo kwenye karatasi ya pembeni badala ya nyuma ya picha. Kisha wasilianeni na hifadhi iliyo karibu na eneo alikofanyia kazi, na kabla ya kukabidhi chochote takeni mkataba wa maandishi unaosema kama mnatoa zawadi au mnaazima, nani ataruhusiwa kusoma, na kuanzia lini.